Naomba Lango la Tatu

Siku tatu kabla ya kula kiapo, Mhandisi Atuganile Mwasomola alikabidhiwa maamuzi yake mwenyewe yakiwa yamejalidiwa. Kitabu kilikuwa cha kijani, jina lake limepigwa juu kwa herufi za shaba, na ndani yake mlikuwa na maamuzi arobaini na moja, kila moja na tarehe yake, saa yake, na sentensi iliyolifanya liwe uamuzi. Ilikuwa desturi ya Mamlaka ya Malango ya Bonde kumpa kila mteule kitabu cha namna hiyo, akisome kabla ya kusimama mbele ya Bodi na kutamka maneno manne: maamuzi haya ni yangu. Wengi hawakukisoma. Walikipiga picha, wakawatumia ndugu zao, kisha wakakiweka kabatini pamoja na vyeti vya ndoa.

Atuganile alikisoma. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na kwa miaka tisa alikuwa ameketi kwenye meza ya mbele ya Chumba cha Malango, mahali ambapo mvua yote inayonyesha milimani hugeuka kuwa tarakimu, na tarakimu hizo hugeuka kuwa swali moja: lango gani la bwawa lifunguliwe, na kwa kiasi gani, kabla mto haujajiamulia wenyewe. Chini ya bwawa kulikuwa na mashamba ya mpunga na watu laki nne. Kiti cha Mkuu wa Chumba, kilichowekwa juu ya jukwaa dogo nyuma ya meza zote, kilikuwa hakijakaliwa na mwanamke tangu bwawa lijengwe. Jumatatu kingekaliwa.

Uamuzi wa kwanza kitabuni ulikuwa wa tarehe kumi na tisa Aprili, miaka mitano iliyopita, saa nane mchana. Hakuna mtu bondeni aliyeisahau siku ile. Kanuni zilitaka malango yafunguliwe kwa kufuata namba: la kwanza, la pili, la tatu. Siku ile la tatu lilitangulia, maji yakapita upande wa mawe badala ya upande wa udongo, na tuta la mashariki likabaki mahali pake. Kitabu kiliandika: *Fungua la tatu. A. Mwasomola. Amri.* Wanafunzi wa uhandisi walikuwa wakifundishwa sentensi hiyo.

Aligusa pembe ya ukurasa ili asikie sauti. Karatasi ikatoa kelele za ving'ora, mvua juu ya bati, kisha sauti yake mwenyewe, yenye hofu iliyofichwa vizuri: "Fungua la tatu." Akarudisha nyuma kwa sekunde tano. Kabla ya sauti yake palikuwa na sauti nyingine, ya chini, isiyo na haraka, kama ya mtu anayetaka kupitishiwa chumvi mezani.

"Naomba tuanze na la tatu, mwanangu."

Alisikiliza mara nne. Kisha akafungua uamuzi wa pili, na huko nako akarudisha nyuma kwa sekunde tano.

*

Karani hakuwa mtu, ingawa watu wengi walimsalimu. Alikuwa ameingizwa katika vyumba vya kazi vya umma miaka kumi na sita iliyopita, chini ya Sheria ya Stahili, ili kukomesha ugonjwa wa zamani: mdogo anasema, mkubwa anarudia, mkutano unampongeza mkubwa. Karani alisikia kila neno lililosemwa kazini, akaandika mwenye kila uamuzi, na cheo kikamwendea aliyekuwa na maamuzi mengi yaliyoleta heri. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na nia njema, hali ambayo katika historia haijazuia mengi. Hata hivyo haki yao wapewe. Kabla ya Karani, idara kumi na moja za Mamlaka zilikuwa na kiongozi mmoja mwanamke, naye alisimamia mapokezi. Sasa walikuwa sita, na Atuganile angekuwa wa saba. Hawakuinuliwa kwa hisani ya mtu. Kumbukumbu ilionyesha kwamba walikuwa wakiamua siku zote, na kwamba kilichokosekana ni wa kuandika.

"Karani," alisema Atuganile, peke yake katika chumba cha mikutano, kitabu kikiwa wazi mbele yake. "Eleza ulivyompata mwenye uamuzi namba moja."

"Kila kauli ya kazi huwekwa katika fungu moja kati ya manne," Karani akajibu, kwa ile sauti isiyo ya kike wala ya kiume ambayo wabunifu wake walijivunia sana. "Taarifa, pendekezo, ombi, amri. Uamuzi ni wa mtu wa kwanza kutoa amri."

"Na kauli inayoanza na 'naomba'?"

"Ni ombi."

"Daima?"

"Daima. Ombi huweza kukataliwa, amri haiwezi. Hiyo ndiyo tofauti niliyofundishwa."

"Ulifundishwa kwa sauti za nani?"

"Saa elfu themanini za vyumba vya operesheni. Asilimia tisini na nne ya wasemaji walikuwa wanaume. Wengi wao walipitia jeshini."

Atuganile akafumba macho kidogo. Sauti iliyomtangulia kwa sekunde tano, katika uamuzi baada ya uamuzi, ilikuwa ya Bi. Sikudhani Mbwana, msimamizi wa zamu, mwenye miaka hamsini na tisa, aliyelelewa Pangani katika nyumba ambamo kumwambia mtu mzima "lete maji" ni utovu wa adabu, na kumwambia mtoto hivyo hivyo ni uvivu wa ulimi. Bi. Sikudhani aliwaomba mafundi. Alimwomba mkurugenzi. Alimwomba paka wa jikoni ashuke mezani, na paka akashuka. Kwa miaka tisa Atuganile alikuwa amekaa hatua mbili mbele yake, akisikia ombi na kuligeuza kuwa neno ambalo mafundi wa chini wangelisikia vizuri redioni. Alikuwa hajawahi kujiuliza nini kiliandikwa, na kwa jina la nani.

"Bi. Sikudhani amesema 'naomba' kuhusu lango mara ngapi tangu nianze kazi hapa?"

"Mara mia tatu na kumi na moja."

"Amekataliwa mara ngapi?"

Karani, ambaye kwa kawaida alijibu kabla swali halijapoa, alichukua karibu sekunde nzima. "Hajakataliwa."

"Na amri za watu wengine?"

"Moja katika kila sita ilipingwa, ikacheleweshwa, au ikabadilishwa."

"Basi niambie. Kauli iliyotolewa mara mia tatu na kumi na moja bila kukataliwa hata mara moja ni ya fungu gani?"

"Kwa kanuni, ombi," Karani alisema. "Kwa ushahidi, amri."

"Hesabu upya kwa ushahidi. Iwe jaribio tu. Usipeleke Bodi."

Hesabu ya maamuzi mazito, yale yanayohesabiwa kwa cheo, ilikuja kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Atuganile Mwasomola, kutoka arobaini na moja hadi kumi na manne. Festo Kapungu, mwenzake wa chumbani aliyekuwa wa pili, kutoka thelathini na matatu hadi kumi na saba. Sikudhani Mbwana, kutoka mawili hadi sitini.

Aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Haikuwa ngumu. Bi. Sikudhani alikuwa amebakiza wiki kumi na moja astaafu, na sheria haikumruhusu mtu aliyebakiza chini ya mwaka mmoja kuteuliwa kwa cheo chochote. Kwa hiyo ukweli ukisemwa, Atuganile angepoteza kiti, Bi. Sikudhani asingekipata, na Festo Kapungu angekikalia kwa miaka kumi na mitano.

*

Alimkuta Festo juu ya ukuta wa bwawa, ameegemea chuma, anamenya chungwa kwa kisu cha ofisi.

"Shikamoo, Mkuu," Festo alisema. Alikuwa amemzidi miaka minne.

"Acha hizo."

"Najizoeza. Jumatatu itakuwa wajibu."

"Festo, ule uamuzi wako wa Novemba. Lango la pili, robo mita. Ulikuwa wako?"

"Karani anasema wangu."

"Nakuuliza wewe."

Ganda la chungwa lilirefuka, likaning'inia, likakatika. "Bi. Sikudhani aliomba. Mimi nikasema 'fungua'. Sasa yule mama akikuomba jambo unafanya nini, unaunda kamati?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Kila mtu chumbani anajua, Atu. Asiyejua ni Karani peke yake, na ndiye anayeandika."

Akamwambia. Kumi na manne, kumi na saba, sitini. Festo aliacha kumenya. Alitazama maji upande mmoja, kisha upande wa pili ambako hapakuwa na maji bali mita themanini za hewa.

"Mambo kama haya," alisema, "usiniambie nikiwa nimesimama hapa."

"Nimekuambia kwa sababu yanakuhusu."

"Yananihusu sana. Mke wangu angesema yananihusu kuliko maelezo." Akagawa chungwa, akampa nusu. "Sikiliza. Sitakuambia useme. Sitakuambia unyamaze. Nikifanya moja kati ya hayo, nitashindwa kujitazama ninaponyoa. Hilo lako."

"Asante kwa msaada."

"Karibu sana, Mkuu."

*

Dk. Leokadia Ndimbo, Mwenyekiti wa Bodi ya Uteuzi, alikuwa mmoja wa watu watatu walioandika Sheria ya Stahili. Watu walisema aliiandika kwa sababu ya mfereji. Alipokuwa mhandisi kijana alipendekeza mkutanoni kwamba maji ya ziada yapitishwe kusini, kwa mfereji unaozunguka kilima. Hakuna aliyeitika. Baada ya dakika kumi bwana aliyekaa kulia kwake alipendekeza maji ya ziada yapitishwe kusini, kwa mfereji unaozunguka kilima, na mkutano ukampigia makofi. Mfereji ulichimbwa na ukafanya kazi vizuri. Ulionekana kutoka dirisha la ofisi yake, na ulikuwa na jina la bwana huyo.

Alisoma hesabu ya jaribio, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Umemwonyesha nani?"

"Festo."

"Umeanza na mtu ambaye ukweli unamfaa. Sijui niite uungwana au wazimu." Akaisukuma karatasi kando. "Keti. Kanuni hii ni moja kwa idara zote kumi na moja. Ukiifungua hapa, imefunguka kote. Kati ya wale sita, wapo watakaoshuka. Na kesho yake magazeti hayataandika kwamba Karani hakuelewa Kiswahili cha Pangani. Yataandika kwamba wanawake walipanda kwa kosa la mashine."

"Na wanaume watano waliopanda kwa kosa hilo hilo?"

"Hao wataitwa wahanga wa mashine."

"Kula kiapo," Leokadia aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipima jambo pande zote na hakupendezwa na upande hata mmoja. "Ukimaliza mwaka, lete pendekezo la kitaalamu kwamba kanuni irekebishwe kwa watakaofuata. Nitalipitisha mimi mwenyewe. Hakuna atakayeumia."

"Yeye je?"

"Yeye sheria haimruhusu, kosa liwepo lisiwepo. Huwezi kumpa kile kiti, mdogo wangu. Unachoweza ni kumpa Festo."

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba Atuganile hakuona ilipokosea. Alitazama nje. Mfereji ulikuwa umejaa, ukizunguka kilima kwa utii.

"Ule mfereji unaitwaje, Mwenyekiti?"

Leokadia hakugeuka. "Unajua unavyoitwa."

"Yule bwana angekufuata baada ya mkutano, akakuahidi kwamba jambo hilo litarekebishwa kwa watakaofuata, ungemjibu nini?"

Mwenyekiti wa Bodi alivaa miwani yake, akafungua droo, akatoa nakala ya sheria aliyoiandika, akaiweka mezani katikati yao.

"Ondoka kabla sijakujibu kwa cheo," alisema. "Hiyo chukua. Kifungu cha tisa watu huwa wanakiruka. Nami sijakushauri lolote."

*

Bi. Sikudhani alikuwa anamaliza zamu ya asubuhi. Chupa yake ya chai ya mchaichai ilikuwa pale pale ilipokuwa kwa miaka yote, kushoto kwa kioo cha vipimo, na watu wanne walikuwa kwenye meza zao wakifuatilia mvua iliyokuwa bado mbali.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda kwa siku mbili. Kiti kinakula watu kabla hawajakikalia?"

Atuganile alivuta kigoda, akaketi chini yake kidogo, kama alivyozoea. Alimweleza yote: mafungu manne, mia tatu na kumi na moja, sitini. Bi. Sikudhani alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye vipimo, kwa sababu mto haukuwa umepewa taarifa ya mazungumzo hayo.

"Ulijua," Atuganile alisema mwishoni.

"Nilijua tangu barua. Nilikiomba kile kiti mwaka mmoja baada ya wewe kuja. Wakanijibu mstari mmoja: kumbukumbu haina maamuzi ya kutosha. Nilikuwa na moja." Akanywa chai kidogo. "Baadaye likaongezeka la pili, siku waya ulipoungua nikapiga kelele 'zima' kama mwendawazimu. Nilimwomba radhi fundi jioni yake. Karani akaniandikia uamuzi."

"Kwa nini hukubadilisha usemi wako?"

"Nilijaribu. Wiki nzima. Fungua, funga, punguza. Unajua kilichotokea? Watu walianza kubishana na mimi." Alilisema hilo bila uchungu, kama mtaalamu anayetoa matokeo. "Ukimwamuru mtu, anapima kama una haki ya kumwamuru. Ukimwomba, anapima kama ana sababu ya kukataa. Mimi simwachii sababu. Lile tuta la mashariki niliupima udongo wake ndoo kwa ndoo lilipojengwa, nilikuwa kibarua wa maabara. Nilijua lisingestahimili. Siku ile ya Aprili ningesema 'fungua la tatu' kinyume cha kanuni, tungejadiliana dakika tano. Tulikuwa na tatu."

Atuganile alifikiri kwamba katika miaka yake yote ya masomo hakuna aliyemweleza uongozi kwa sentensi chache kiasi hicho, wala kwa usahihi kama huo, na kwamba maelezo hayo yalikuwa yametoka kwa mtu ambaye kumbukumbu rasmi ya nchi ilimhesabia kelele mbili.

"Nitasema Jumatatu," alisema.

"Hutasema." Bi. Sikudhani aliiweka bilauri chini. "Mimi nimebakiza wiki kumi na moja. Mtu niliyemlea akae pale, mimi niende Pangani nikalale. Festo ni mtu mwema, lakini mto ukipanda anatazama kanuni kwanza. Usiniharibie usingizi wangu wa uzeeni." Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaacha kutazama vipimo. "Naomba ukale kiapo, mwanangu."

Watu wanne kwenye meza zao hawakugeuka, kwa namna ya watu wanaosikiliza kwa mwili mzima. Atuganile alisikia kinywa chake kikitaka kutii kabla yake. Neno lile lilikuwa limemwongoza kwa miaka tisa kupita mafuriko matano. Lilikuwa halijamkosesha hata siku moja, na hakuwa na sababu aliyoachiwa ya kulikataa. Ilimbidi aitafute mwenyewe.

"Hapana, Bi.," alisema. "Nikikaa pale kwa jina lako, siku nitakapopaswa kuamua peke yangu sitajua kama naweza. Na wao hawatajua."

Kwenye kioo cha kumbukumbu, juu ya ukuta, maandishi yakatokea kwa utulivu ule ule wa kila siku: *Ombi. S. Mbwana. Limekataliwa. A. Mwasomola.*

Bi. Sikudhani aliyasoma. Alirekebisha ushungi wake, ingawa haukuwa umekaa vibaya.

"Umenitia doa," alisema. "Mia tatu na kumi na moja, safi." Akamimina chai nyingine, akamsogezea. "Ulikuwa unahofia huwezi kuamua peke yako. Kunywa, ipoe hiyo hofu."

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Wanawake wa idara zote walikuja na vitenge vya sare, hata wale ambao kiti hicho hakikuwahusu, maana walijua kilichukua muda gani. Atuganile aliwatazama aliposimama, na hilo ndilo lililomwia gumu kuliko kupoteza cheo.

"Maamuzi haya kumi na manne ni yangu," alisema. "Ishirini na saba ni ya Bi. Sikudhani Mbwana. Naomba yaandikwe kwa jina lake."

Kelele zilichukua muda kutulia. Zilipotulia, Dk. Leokadia Ndimbo alikuwa ameweka hesabu ya jaribio mbele ya Bodi na tayari ameshika ukurasa, kama mtu aliyeufungua tangu nyumbani. Kifungu cha tisa, alisoma, kinasema kwamba kumbukumbu ya cheo ikiingia katika mzozo, hesabu ifanywe upya katika wiki kumi na mbili, na cheo kikaimiwe na mwenye maamuzi mengi zaidi kwa hesabu iliyo mbele ya Bodi. Sharti la mwaka mmoja linahusu wateule. Kwa makaimu, sheria haikusema kitu. Hakueleza ni nani aliyeiachia sheria tundu hilo alipoiandika, na hakuna aliyemwuliza.

Magazeti yaliandika kama alivyotabiri, neno kwa neno, ila yalichukua siku mbili badala ya moja. Kati ya wale sita, mmoja alishuka. Festo aliiandikia Bodi barua kwa mkono wake, akataja kumi na sita yasiyo yake kwa tarehe, ingawa Bodi ilikuwa nayo tayari. Na katika idara ya mitambo hesabu mpya ilimfukua mwanamke mmoja mpole, mtunza vipuri, ambaye kwa miaka kumi na miwili mabosi wanne walikuwa wakirudia aliyoyaomba. Alipoitwa na Bodi aliuliza amekosea nini.

*

Mvua ilifika wiki ya tatu. Bi. Sikudhani alikuwa amekalia kiti cha Mkuu kwa siku kumi na saba. Kilitengenezwa kwa mtu mrefu, kwa hiyo alikuwa amekuja na kigoda kutoka nyumbani cha kuwekea miguu, na chupa yake ya chai ilikuwa imehamia jukwaani. Vinginevyo hakuna kilichobadilika. Vipimo vya mlimani vilikuwa vimepanda usiku kucha, na Festo alikuwa kwenye swichi za malango. Ikiwa hesabu ingebaki ilivyo hadi mwisho wa wiki kumi na mbili, kiti kingekuwa cha Festo, na yeye na Atuganile walikuwa wamekubaliana kutolizungumza hilo wakiwa kazini.

"Naomba la pili, nusu mita," Bi. Sikudhani alisema.

Kwa mazoea ya miaka tisa Atuganile alikuwa tayari amefungua kinywa kurudia. Akakifunga. Kwa muda mfupi chumba kizima kilisubiri mwangwi ambao haukuja. Kisha mkono wa Festo ukashuka, na chini yao chuma kikanguruma. Karani naye alisubiri, kama alivyofundishwa upya, aone kama yupo atakayekataa. Kioo kikaandika: *Naomba la pili, nusu mita. S. Mbwana. Amri.*

Bi. Sikudhani hakukitazama kioo. Alitazama maji.

"La tatu je?" aliuliza. "Kanuni inasema sasa hivi. Wewe unaonaje, mwanangu?"

Atuganile alipitia vipimo. Kijito cha magharibi kilikuwa kimeanza kutulia. Nguvu ya mvua ilikuwa imepita. Kulifungua la tatu sasa kungemwaga kwenye mpunga maji ambayo bwawa lingeweza kuyabeba. Aliangalia nyuma mara moja, jukwaani. Uso wa Bi. Sikudhani haukuwa na jibu lolote, na ulikuwa umeandaliwa hivyo kwa makusudi.

"Naomba la tatu lisubiri," Atuganile alisema.

Mkono wa Festo ulikuwa juu ya swichi. Ulibaki hapo, kisha ukarudi mapajani. Fundi wa vipimo alimtazama Atuganile, akatazama tarakimu, akarudi kwenye kazi yake. Karani akasubiri.

Hakuna aliyekataa.